Sanduku la Vifaa Nyumbani: Kazi ya Kujifanyia na Kazi ya Kumwachia Fundi

Hotuba kwa wakazi wa kaunti kuhusu ukarabati wa nyumba na usalama wa vifaa vya kazi



Mvua ya masika inapokaribia, kila nyumba hujieleza yenyewe. Paa linalovuja huonyesha doa kwenye dari. Mlango uliovimba hukwama. Mfereji wa jikoni hudondosha maji usiku kucha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ukarabati wa nyumba huo si msemo tu, ni hesabu. Msumari mmoja wa bati uliolegea huruhusu maji kuingia kwenye mbao. Mbao ikilowa msimu baada ya msimu huoza. Ikishaoza haishiki msumari tena, na upepo ukija huondoka na bati zima. Kazi ambayo ingegharimu shilingi chache na nusu saa huwa gharama ya paa jipya.

Ndiyo maana ni jambo jema kwamba wakazi wengi sasa wanajifanyia kazi ndogo ndogo za nyumba. Lakini jambo hilo lina upande wa pili. Mashine ambazo zamani zilikuwa za karakana pekee, kama grinda, drili na mashine ya kuchomelea, sasa zinapatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, na nyingine huagizwa kwa simu na kuletwa hadi mlangoni. Fundi wa jua kali hujifunza mashine hizo kwa miezi au miaka akiwa chini ya fundi mwingine. Mwenye nyumba anaweza kuinunua Ijumaa jioni na kuiwasha Jumamosi asubuhi bila kufunzwa na mtu yeyote. Hapo katikati ndipo jicho, kidole au maisha hupotea.

Basi maswali ni mawili. Je, nyumba inahitaji vifaa gani? Na ni kazi gani mwenye nyumba aifanye mwenyewe, na ipi amwachie fundi?

Vifaa vya kuanzia

Nyumba haihitaji karakana nzima. Sanduku la kuanzia linatosha likiwa na vitu hivi: nyundo ya kung'oa misumari, bisibisi bapa na ya nyota, koleo, spana ya kurekebisha upana, msumeno wa mbao, msumeno wa chuma, patasi, tindo, tupa, futi ya kupimia, pimamaji, na karatasi za msasa. Pamoja na hivyo, miwani ya kukinga macho na glavu ngumu. Miwani iwekwe juu kabisa ndani ya sanduku, ili iwe kitu cha kwanza kushikwa sanduku linapofunguliwa.

Wahenga walisema pia kuwa mchagua jembe si mkulima. Katika vifaa vya ujenzi, kuchagua ni lazima. Kichwa cha nyundo kikicheza kwenye mpini, nyundo hiyo isinunuliwe. Bisibisi ambayo ncha yake imepinda itaharibu skurubu na kuchoma mkono. Kifaa cha umeme kiwe na alama ya ubora ya KEBS, na plagi yake iwe ya pini tatu bapa zinazoingia kwenye soketi za Kenya bila kulazimishwa. Plagi inayosukumwa kwa kijiti ili iingie ni dalili kwamba kifaa hicho hakikukusudiwa kwa soketi hiyo.

Vifaa vinavyotumika mara moja kwa mwaka si lazima kila nyumba iwe navyo. Vikundi vingi vya akina mama na vya vijana tayari vina desturi ya kununua viti na mahema kwa pamoja na kuyakodisha. Kikundi kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa ngazi nzuri, drili na toroli. Kifaa cha pamoja chenye mtu mmoja wa kukitunza hudumu kuliko vifaa vitano vya bei ya chini.

Kazi tatu ambazo mwenye nyumba anaweza kuzifanya

Ya kwanza ni mfereji unaodondosha. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na hayo ni takriban lita 20, yaani mtungi mzima. Kwa familia inayonunua maji kwa mtungi, mfereji huo ni pesa zinazomwagika. Mara nyingi ubovu ni washa ya mpira iliyoisha ndani ya mfereji. Mwenye nyumba afunge kwanza koki kuu ya maji, afungue mfereji ili maji yaliyobaki yatoke, kisha alegeze nati ya juu kwa spana, atoe kiini cha mfereji na kubadilisha washa kwa nyingine ya ukubwa ule ule. Ni vizuri kwenda dukani na washa ya zamani mkononi. Wakati wa kufunga, nati isikazwe kwa nguvu zote, kwa sababu mpira ukibanwa mno huisha mapema.

Ya pili ni mlango unaoning'inia. Kabla ya kuchukua randa na kuukata chini, mwenye nyumba aangalie bawaba ya juu. Kwa kawaida skurubu zimelegea kwa sababu tundu la mbao limepanuka. Vijiti vyembamba vya mbao vilivyopakwa gundi hushindiliwa ndani ya tundu, gundi inaachwa ikauke, kisha skurubu inarudishwa. Mlango husimama tena. Aliyekimbilia kukata atagundua wakati wa kiangazi, mbao inaponywea, kwamba ameacha nafasi ya panya kupita.

Ya tatu ni paa na mifereji ya kuvuna maji. Mwenye nyumba akumbuke kwamba kwa mabati, namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la 30 ni jembamba kuliko la 28. Msumari wa bati la mawimbi hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, si kwenye bonde, kwa sababu maji hupita bondeni. Washa ya mpira chini ya kichwa cha msumari ikae vizuri bila kupondwa. Msumari uliolegea usigongwe tu kurudi mahali pake. Ung'olewe, tundu lizibwe, na mwingine upigwe pembeni pale mbao ilipo nzima.

Mifereji ya paa nayo isafishwe kabla ya mvua, si baada yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 40 za mraba ikipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 400, ingawa kiasi fulani hupotea njiani. Maji hayo yakiingia tangini ni baraka. Yakimwagika chini ya ukuta, hulowesha msingi.

Kupanda ngazi kuna kanuni yake. Kwa kila mita nne ambazo ngazi inapanda ukutani, miguu yake iwe mita moja kutoka ukutani. Ngazi ipite ukingo wa paa kwa takriban mita moja ili mtu awe na pa kushika anapoingia na kutoka. Mtu mmoja abaki chini akiishikilia. Hakuna kupanda juu ya mabati yaliyolowa, na hakuna kupanda upande ambao waya wa stima unapita karibu na paa. Ngazi ya chuma ikigusa waya huo, hakuna muda wa kujuta.

Grinda

Katika vifaa vyote vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani, grinda ndiyo inayohitaji heshima kubwa zaidi. Grinda ndogo, inayobeba diski ya milimita 115, yaani inchi nne na nusu, huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski yake husafiri mita 66 kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Diski ikivunjika, kipande kinaruka kwa mwendo huo kuelekea popote pale, na mara nyingi uso wa mtumiaji ndio ulio karibu.

Kosa la kwanza ni kuondoa kinga. Watu huiondoa kwa sababu diski ya inchi tisa haiingii ikiwa kinga ipo, na tundu la katikati la diski zote mbili ni la ukubwa ule ule, kwa hiyo huonekana kana kwamba inafaa. Haifai. Diski nyingi za kukatia zimetengenezwa kustahimili mwendo usiozidi mita 80 kwa sekunde. Grinda kubwa ya inchi tisa huzunguka takriban mara 6,500 kwa dakika, na kwa hiyo diski yake hubaki chini ya kiwango hicho. Diski hiyo hiyo ikifungwa kwenye grinda ndogo, ukingo wake hufikia mita 132 kwa sekunde. Huo ni zaidi ya mara moja na nusu ya uwezo wake. Kupasuka kwake si bahati mbaya, ni jambo la kutarajiwa.

Kosa la pili ni kutosoma diski. Kila diski nzuri huandikwa mwendo wa juu kabisa inaoruhusu, na namba hiyo lazima iwe sawa na ya mashine au iizidi. Pia diski za kukatia chuma huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo aghalabu hugongwa kwenye pete ya chuma ya katikati, kwa sababu gundi inayoshikilia chembe zake hudhoofika kwa muda na kwa unyevu. Diski iliyokaa sakafuni kwenye stoo yenye maji ni ya kutupwa.

Kosa la tatu ni kuipa diski kazi isiyo yake. Diski nyembamba ya kukatia haisagi kwa ubavu. Na diski yenye meno ya kukatia mbao haikuumbwa kwa grinda ndogo. Meno yakikwama kwenye mbao, mashine huruka kumrudia aliyeishika kabla hajaweza kuachia swichi. Kwa mbao kuna msumeno wa mkono na kuna msumeno wa mviringo wenye kinga yake.

Basi anayewasha grinda avae miwani na kinga ya uso, afunge vifungo vya mikono ya shati, avue tai, leso au mtandio, na afunge nywele ndefu. Kipande kinachokatwa kishikwe kwa jiliwa, kisishikwe kwa mguu. Diski mpya izungushwe bure kwa dakika moja, ikielekezwa mbali na watu, kabla ya kugusa chuma. Plagi ichomolewe kila diski inapobadilishwa. Cheche zinaruka mbali, kwa hiyo petroli, thina, magodoro na nyasi kavu ziondolewe kabla ya kazi kuanza.

Stima

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani yake, na fyuzi hiyo huchaguliwa kulingana na kifaa. Kifaa cha wati 700 hutumia takriban ampea 3. Cha wati 2,000 hutumia zaidi ya ampea 8 na kinahitaji fyuzi ya ampea 13. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa waya au karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi ikiungua mara kwa mara inasema kuna kasoro, na anayeinyamazisha anaiacha nyumba bila mlinzi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba fyuzi hulinda waya, hailindi mtu. Umeme wa makumi ya miliampea tu ukipita kifuani unaweza kusimamisha moyo, na fyuzi ya ampea 13 haitatikisika. Kinachomlinda mtu ni kile kifaa cha kukata stima inapovuja, ambacho hufungwa kwenye ubao wa swichi kuu na hukata kwa uvujaji wa miliampea 30. Kiwango hicho ni kidogo zaidi ya mara 400 kuliko ampea 13. Kifaa hicho kina kitufe cha kujaribia, na kibonyezwe mara kwa mara kuhakikisha kinafanya kazi. Mwenye nyumba anayetaka kutumia drili au grinda nje ya nyumba afikirie kwanza kuweka kifaa hicho kabla ya kununua mashine yenyewe.

Waya wa ekstensheni ufunguliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake unapotumiwa na mashine kubwa. Ukibaki umezungushwa, joto hukosa pa kutokea na plastiki huyeyuka. Usipitishwe kwenye maji wala chini ya zulia. Kabla ya kutoboa ukuta, mwenye nyumba aangalie soketi na swichi zilipo. Waya nyingi hupanda au kushuka moja kwa moja kutoka hapo.

Kubadilisha balbu ni kazi ya mwenye nyumba. Kuongeza soketi, kuvuta laini mpya hadi kibanda cha nje au kugusa mita si kazi yake. Kazi hiyo ni ya fundi aliye na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza.

Kuchomelea

Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho bila jicho kujua. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, yakiwa kama mchanga uliomwagwa machoni. Miwani ya jua haizuii. Kinachofaa ni kinga ya uso yenye kioo cheusi cha namba 10 au 11 kwa kazi za kawaida za vyuma vya nyumbani. Watoto wanaosimama kutazama huumia vivyo hivyo, kwa hiyo pawe na pazia au ukuta kati yao na kazi.

Wengi huamini kwamba maziwa huosha kifua baada ya moshi wa kuchomelea. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni, na njia hizo mbili hazikutani. Kinga ya kweli ni hewa. Kuchomelea kufanyike nje au penye madirisha yaliyo wazi, na bati au bomba lenye rangi ya zinki likwanguliwe kwanza mahali pa kuchomelea, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa na baridi kama ya malaria saa chache baadaye. Tangi au pipa lililowahi kubeba petroli lisichomelewe nyumbani kabisa, hata kama lilimwagwa mwaka jana. Mvuke uliobaki unatosha kulipua.

Paa la asbesto

Katika nyumba na majengo ya zamani bado kuna paa za asbesto, zile karatasi nene za kijivu zinazofanana na saruji. Likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Likikatwa, likitobolewa au kusuguliwa kwa brashi, hutoa nyuzi zisizoonekana ambazo huingia mapafuni na kuleta maradhi miaka mingi baadaye. Asbesto ni taka hatari kisheria. Kuiondoa kunafuata mwongozo wa NEMA na hufanywa na wenye leseni. Vipande vyake visitumiwe kutengeneza kibanda cha kuku wala kutandazwa njiani.

Ajali ikitokea

Mtu aliyeshikwa na stima asiguswe kwa mkono. Swichi kuu izimwe kwanza. Ikishindikana, aondolewe kwa mti mkavu. Kipande cha chuma kilichoingia jichoni kisifikichwe wala kuchokolewa kwa kijiti. Jicho lifunikwe bila kubanwa na mgonjwa apelekwe hospitali. Damu nyingi huzuiwa kwa kubana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Kiende hospitalini pamoja na mwenyewe. Jeraha la moto limwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala siagi. Aliyechomwa na msumari wenye kutu aulize kuhusu chanjo ya pepopunda siku hiyo hiyo. Namba za dharura ni 999 na 112, na kila mtoto nyumbani azijue.

Kaunti inahusikaje

Chini ya Katiba ya mwaka wa 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini, huduma za afya za kaunti na huduma za zimamoto ni majukumu ya serikali za kaunti. Mkazi anayetaka kujifunza useremala, uashi, mabomba au kuchomelea aanzie katika chuo cha ufundi kilicho karibu naye na kuulizia kozi zinazotolewa na ada zake. Mkazi anayetaka kwenda mbali zaidi ya ukarabati, kwa mfano kuongeza chumba au ghorofa, kwanza aombe kibali katika ofisi ya mipango ya ardhi na majengo ya kaunti. Kubadilisha bati ni ukarabati. Kubomoa ukuta unaobeba paa ni ujenzi, na nyumba haimjui mwenyewe inapoanguka.

Kwa kumalizia, kila mwenye nyumba ajiulize maswali matatu kabla ya kuanza kazi. Je, nikikosea, nitaharibu kitu au nitaumiza mtu? Je, nina kinga inayotakiwa, na imevaliwa? Je, kuna mtu karibu anayejua nilipo na ninachofanya? Jibu la kwanza likiwa kwamba kitaharibika kitu tu, na mengine mawili yakiwa ndiyo, basi sanduku lifunguliwe. Vinginevyo fundi apigiwe simu. Malipo ya fundi ni ya siku moja. Jicho halinunuliwi.

Masika yawakute wote wakiwa salama chini ya paa lisilovuja.